Keki ya Mkaa na Sikukuu za Utoto Wetu

Wazee wetu walijua walizaliwa lini, ingawa tarehe hawakuwa nayo. Mgogo alisema amezaliwa wakati wa Mtunya, ile njaa kubwa iliyoikumba Dodoma Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vikifikia mwisho. Mngoni wa Songea alihesabu umri wake kuanzia Maji Maji, vita vya mwaka 1905 hadi 1907. Wengine walitaja mwaka wa nzige au mwaka wa mafuriko. Pwani, siku ya wiki iliingia moja kwa moja katika jina: Juma kwa aliyezaliwa Ijumaa, Khamisi kwa wa Alhamisi, Mwanajuma kwa binti. Na huko Butiama, Aprili 1922, Chifu Nyerere Burito alipopata mtoto huku mvua kubwa ikinyesha, mtoto huyo aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Jina lilitosha kuwa cheti.

Kuzaliwa kwenyewe kulisherehekewa, tena kwa uzito. Waislamu walichinja akika, Wakristo walibatiza, na siku ya arobaini mama na mwanawe walitoka ndani wakapokewa kwa vigelegele. Baadaye zilifuata ngoma za jando na unyago. Kila sherehe ilikuwa ya hatua: mtoto ametoka nje, mtoto amekua, mtoto sasa ni mtu mzima. Kuirudia tarehe ileile kila mwaka hakukuwa na maana kwa watu waliopima mwaka kwa masika na mavuno.

Siku za kuzaliwa zilizorudi kila mwaka zilikuwa za wakubwa. Mfungo Sita ulipoingia, Lamu, Unguja, Bagamoyo na Tanga zilisoma Maulidi ya Mtume usiku kucha, kwa udi na marashi. Desemba ilikuwa na Krismasi. Unguja walikuwa pia na siku ya Sultani: tarehe 26 Agosti 1954, Sayyid Khalifa bin Harub alipotimiza miaka 75, serikali ilitoa stempu maalumu za posta kuiadhimisha siku hiyo. Baada ya uhuru, chama nacho kikapata siku yake. CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977, na kila mwaka ilipofika siku hiyo watoto wa shule walipangwa mistari, wakaandamana na kuimba.

Kwa hiyo mtoto wa Magomeni au Temeke aliyewekewa keki mezani katika miaka ya 1980 alikuwa amepewa heshima ambayo babu yake aliijua kuwa ya Mtume, ya Yesu, ya Sultani na ya chama. Ningependa kusimulia jinsi heshima hiyo ilivyoshuka hadi kwa mtoto wa kawaida, na jinsi ilivyokuja kuota mizizi mitaani kwetu katika miaka ambayo sukari yenyewe ilikuwa haionekani.

Desturi ya keki na mishumaa ilitoka mbali. Wajerumani wa karne ya 18 walikuwa tayari wakiwawashia watoto wao mishumaa juu ya keki siku ya kuzaliwa. Wimbo unaojulikana leo duniani kote ulianzia Marekani, katika mji wa Louisville, Kentucky. Dada wawili, Mildred na Patty Hill, walichapisha mwaka 1893 wimbo wa kuwaamkia watoto wa chekechea kila asubuhi. Sauti ile ile ikaja kuvishwa maneno ya siku ya kuzaliwa. Keki, mishumaa na wimbo viliingia Afrika Mashariki na wakoloni, na kwa muda mrefu vilibaki Uzunguni.

Lakini Uzunguni hakukuwa na Wazungu peke yao. Waliowasha majiko ya Oyster Bay, wakapiga mayai na kuchekecha unga, walikuwa wapishi na mayaya wetu. Jioni walirudi makwao Ilala na Keko wakiwa na ujuzi vichwani. Wasichana waliosoma shule za misheni walifundishwa maarifa ya nyumbani, na keki ilikuwa miongoni mwa masomo. Katika miaka ya 1950, kumbi za maendeleo ya jamii kama Arnautoglu, pale Mnazi Mmoja, zilikuwa mahali ambapo wakazi wa Dar es Salaam walikutana kwa dansi, mikutano na mafunzo. Mwaka 1962 ulianzishwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, chini ya Bibi Titi Mohamed, na matawi yake yakawakusanya kina mama kwa kisomo, ushonaji na mapishi.

Pwani, elimu hiyo ilikuta elimu nyingine iliyokwisha kukomaa. Bibi wa Unguja au Mombasa hakuhitaji kufundishwa na mtu kuoka. Alikuwa na mkate wa mayai na mkate wa kumimina, na alijua kupalia, yaani kuweka makaa juu ya mfuniko ili chakula kiive kwa moto wa juu na wa chini. Mapishi ya kigeni yalidai oveni ya umeme. Bibi alikuwa na jiko la mkaa, sufuria na sinia la bati, na vilimtosha. Hapo ndipo keki ya siku ya kuzaliwa ilipobadilika ikawa yetu. Iliokwa kwa ufundi wa pwani uliokuwepo kabla yake.

Kilichobaki kukosekana kilikuwa tarehe. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilikuwepo Tanganyika tangu 1920, lakini cheti cha kuzaliwa kilikuwa kitu cha wachache. Tarehe iliingia majumbani kwa njia ya kliniki. Kadiri kina mama wengi zaidi walivyojifungulia hospitali na kupeleka watoto kupimwa uzito na kuchanjwa, ndivyo ile kadi ya kliniki ilivyozidi kuwa hazina. Juu yake muuguzi aliandika siku, mwezi na mwaka. Mama aliifunga katika mfuko wa nailoni na kuiweka sandukuni pamoja na kanga zake nzuri.

Kisha ikaja shule. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote waingie darasa la kwanza, na Novemba 1977 elimu ya msingi kwa wote ikaanza. Mwalimu mwenye rejista alihitaji kujua mtoto ana miaka saba au hana. Asiye na kadi aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Ukilifikia, umefikia umri. Mwenye kadi alisomewa tarehe yake mbele ya wenzake. Kizazi chetu kilikuwa cha kwanza ambacho watoto wengi walikuwa na tarehe ya kuzaliwa wanayoijua kwa kichwa, na mtoto akishaijua tarehe yake hataacha kuiulizia.

Ni bahati ya ajabu kwamba tarehe ilitufikia wakati ambapo kila kitu kingine kilikuwa kinapotea. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, yakapora hata mitambo ya kiwanda cha sukari. Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili 1979, lakini gharama ya vita ilikuja kulipwa madukani. Mafuta ya petroli yalikuwa ghali, fedha za kigeni hazikuwepo, viwanda vilikosa vipuri. Sabuni, mafuta ya kupikia, unga wa ngano, sukari, dawa ya meno, nguo: vyote vikawa vitu vya foleni. Tulikula ugali wa mahindi ya njano ya msaada, tukauita Yanga kwa sababu ya rangi yake.

Bidhaa za ugawaji zilipita kwa balozi wa nyumba kumi. Habari kwamba sukari imefika dukani ilienea mtaani haraka, na watoto ndio tuliotumwa kuwahi nafasi. Uliweka jiwe au kikapu kwenye mstari, ukarudi kumwita mama. Machi 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi na walanguzi, hata kuwa na bidhaa nyingi ndani ya nyumba kulitia watu hofu. Kilo za sukari zilizorundikwa chumbani zingeweza kuhitaji maelezo.

Sasa fikiria mama aliyetaka kumfanyia mtoto wake sherehe ya siku ya kuzaliwa katika mazingira hayo. Keki moja ya wastani ingemeza sukari ambayo familia iliitegemea kwa chai kwa siku nyingi. Mayai yalipatikana kwa wafugaji wa kuku wa uani. Unga wa ngano ulikuwa wa kubahatisha. Siagi ya kopo kutoka Kenya ilipita kwa magendo na bei yake ilikuwa ya magendo. Hakuna mama mmoja aliyeweza kuvikusanya peke yake. Ilibidi vikusanywe na nyumba nzima, na mara nyingine na mtaa mzima.

Sisi tulikaa Magomeni, katika nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba kulia na kushoto, uani jiko, bomba na choo. Kila chumba kilikuwa na familia yake. Wazaramo, Wahaya, Wanyakyusa, Wangazija, Wamanyema, wote waliishi chini ya bati moja. Mwenye nyumba, ambaye sote tulimwita Bibi, alikaa chumba cha mbele. Siku ya kuzaliwa ya mtoto wa nyumba ile ilianza kutajwa mapema. Mama aliitaja akiwa anaosha vyombo uani, bila kuomba chochote: “Mwisho wa mwezi huyu anatimiza saba.” Maneno hayo yalitosha. Mama wa chumba cha pili angesema, “Sukari yangu ya wiki hii chukua nusu.” Wa upande wa pili, aliyekuwa na shemeji bandarini, angeahidi unga. Bibi alitoa mayai ya kuku wake. Baba mmoja aliyekuwa dereva wa lori la Morogoro alileta gunia la mkaa, akalikabidhi kwa nyumba yote. Wanasema haba na haba hujaza kibaba. Kwetu kibaba hicho nilikiona kwa macho, kikijazwa kikombe kwa kikombe kutoka chumba hadi chumba.

Siku moja kabla ya sherehe ndiyo iliyokuwa siku ya keki, na kwa watoto ilikaribia kuipita sherehe yenyewe kwa utamu. Mama alikaa kwenye kibao, bakuli kubwa la bati katikati ya miguu, akachapa siagi na sukari kwa mwiko mpaka ikawa nyeupe. Hakukuwa na mashine; mkono ulipochoka, mwanamke mwingine alipokea. Mayai yaliingia moja moja, kila moja likivunjwa kwanza kwenye kikombe pembeni, maana yai bovu moja lingeharibu michango ya nyumba nzima. Unga ulichekechwa. Iliki ilipondwa kwenye kinu kidogo, na ganda la ndimu likaparuzwa. Mtoto mwenye siku yake aliruhusiwa kushika mwiko na kuzungusha, huku wakubwa wakimhimiza azungushe upande mmoja tu.

Wakati huo Bibi alikuwa akishughulikia moto, na moto alikuwa hamwachii mtu. Sufuria kubwa iliwekwa jikoni ikiwa na mchanga safi uliochekechwa, ukaachwa upate moto. Sufuria ndogo, iliyopakwa siagi na kunyunyiziwa unga, ikamiminiwa ule mchanganyiko na kuketishwa juu ya mchanga. Ikafunikwa sinia la bati, na juu ya sinia Bibi akapanga makaa kwa koleo, kaa moja moja. Moto wa chini ulikuwa mdogo na wa juu mkubwa. Chini ukizidi, keki inaungua kitako kabla haijaiva katikati. Juu ukipungua, inabaki nyeupe na kudidimia. Bibi hakuwa na saa. Alinusa. Harufu ilipobadilika kutoka ya mayai kuwa ya kitu kilichoiva, alisema, “Bado kidogo,” na kisha, “Sasa.” Akainua sinia kwa vipande vya kanga, akachoma keki kwa kijiti cha chelewa. Kikitoka kikavu, imeiva. Nyumba nzima ilikuwa imesimama pale kukitazama kijiti kile, na kilipotoka kikavu kina mama walipiga vigelegele.

Sisi watoto tulikuwa na kazi yetu, ya kukomba bakuli. Kila mmoja alipewa upande wake, na mwenye siku yake alipewa mwiko.

Sukari laini ya kupambia haikupatikana, basi ile ya kawaida ilitwangwa kwenye kinu na kuchekechwa kwa kitambaa chepesi mpaka ikawa kama vumbi. Ilichanganywa na maji ya ndimu na punje chache za rangi ya biriani, ikatoa pambo la rangi ya machungwa ambalo halikuwa na mfano katika kitabu chochote cha mapishi. Jina la mtoto liliandikwa juu yake kwa karanga zilizomenywa. Mishumaa midogo ya rangi haikuwepo pia. Ulichukuliwa mshumaa wa kawaida, ule wa siku umeme unapokatika, ukakatwa vipande kwa uzi na kila kipande kuchongwa ncha.

Sherehe zilifanyika Jumapili alasiri. Miaka hiyo, ili kuokoa mafuta, magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Barabara zilitulia kabisa. Watoto walikuja kwa miguu katikati ya barabara, wameoshwa, wamepakwa mafuta yanayong'aa, wamevaa nguo zao za Idi au za Krismasi. Shangazi na baba wadogo wa Ilala na Kinondoni walikuja kwa miguu pia, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haraka ya usafiri, walikaa mpaka giza.

Mikeka ilitandikwa koridoni na uani. Watoto walikaa chini kwa mistari, wadogo mbele. Kwanza ilisomwa dua. Katika nyumba ya dini mchanganyiko kama yetu, mzee Mwislamu aliomba kwa namna yake, kisha mzee Mkristo kwa namna yake, na sote tukaitikia amina mara mbili. Ndipo wimbo ukaimbwa, kwa Kiingereza ambacho wengi wetu hatukukielewa, na baada yake zikafuata nyimbo za Kiswahili za kuhimiza keki ikatwe, ambazo tulizielewa vizuri sana. Mishumaa ikazimwa kwa pumzi moja. Kisu kikashikwa na mikono mitatu: ya mtoto, ya mama na ya baba.

Kilichofuata ndicho ninachokiona kuwa moyo wa jambo lote. Keki haikugawiwa kwanza kwa watoto. Mtoto mwenye siku yake alisimama na sinia la vipande vidogo, na mama akainama nyuma yake akimnong'oneza majina. Mlishe Bibi, mayai yake. Mlishe mama wa chumba cha pili, sukari yake. Mlishe baba wa lori, mkaa wake. Mlishe balozi. Mlishe nesi aliyekupokea siku ile. Mtoto akaenda kwa kila mmoja, akaamkia “shikamoo,” akamtia kipande mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Mtu mzima akala, akasema “marahaba, mwanangu, ukue,” na wengine wakaweka sarafu mkononi mwake, maana mcheza kwao hutunzwa. Kwa mtoto wa miaka saba, lile sinia lilikuwa somo kubwa. Alijifunza kwamba yupo hai na anakua kwa sababu watu hawa, wenye nyuso na vyumba vinavyojulikana, walitoa kitu. Alijifunza pia kwamba shukrani hutolewa kwa mkono, mbele ya watu, mmoja baada ya mwingine.

Baada ya hapo chakula kilimiminika. Pilau kwenye masinia, kila sinia watoto sita au saba. Sambusa, kachori, visheti, bisi, karanga za kukaanga, kashata za nazi. Soda zilikuwa tatizo lake lenyewe, kwa sababu dukani hukuuziwa soda bila kurudisha chupa tupu, na chupa zilikuwa adimu. Wiki nzima watoto tulizunguka kuazima chupa. Hata hivyo soda hazikutosha, na chupa moja iliwekewa mirija mitatu. Pembeni ilikuwepo ndoo ya maji ya ukwaju yenye vipande vya barafu, na ukweli ni kwamba wengi tuliipenda ile ndoo kuliko soda.

Zawadi zilifungwa kwa karatasi ya gazeti, Uhuru au Mzalendo. Ndani yake mlikuwa na kalamu ya risasi, daftari, leso, kipande cha sabuni ya kuogea, glasi. Leo vitu hivyo vinaonekana vidogo. Wakati ule sabuni ya kuogea ilikuwa kitu ambacho mtu mzima angekifungia sandukuni, na aliyeitoa kwa mtoto wa mwenziwe alikuwa ametoa kitu cha haja. Michezo ilikuwa ileile ya kila siku, ila ilichezwa kwa nguo nzuri: ukuti, rede, kombolela, mbio za ndimu kwenye kijiko, na mchezo wa kugombea viti redio inapozimwa. Redio kaseti ya jirani ilipiga nyimbo za bendi za Mlimani Park na Juwata, na kina baba wakacheza na mabinti zao wadogo waliosimama juu ya viatu vyao. Mpiga picha wa mtaani alifika na kamera yake, akapiga picha chache kwa hesabu kali, kwa sababu filamu nayo ilikuwa ya shida. Ndiyo maana picha za wakati ule zina watu wengi: kila picha moja ilibidi ibebe nyumba nzima.

Si kila nyumba ilifanya hivyo. Baadhi ya masheikh waliona kwamba kuzima mishumaa ni kuiga, na nyumba zilizowasikiliza zilisoma kisomo na kugawa sadaka badala ya keki. Baadhi ya Wakristo nao waliona ni anasa katika nchi yenye njaa. Na nyumba zilizokuwa na hali ngumu zaidi ziliunganisha watoto: waliozaliwa mwezi mmoja walifanyiwa siku moja, keki moja, majina matatu ya karanga. Sijasikia mtu wa kizazi chetu akilalamika kwamba alichangia keki. Wanaisimulia kwa fahari, wakimtaja na yule waliyechangia naye.

Mambo yalianza kulegea katikati ya muongo. Mpaka wa Kenya ulifunguliwa tena Novemba 1983. Sokoine alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, na nchi ikaomboleza. Mwaka huohuo serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Tarehe 5 Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi akaapishwa kuwa Rais, na watu wakaja kumpa jina la Mzee Ruksa. Sukari ikarudi madukani. Zikaja mishumaa midogo ya rangi, mapulizo, sahani za karatasi, sukari laini ya kupambia. Mwaka 1994 Bara nayo ikapata televisheni, miaka ishirini hivi baada ya Zanzibar, na watoto wakaona sherehe za wenzao wa nchi nyingine. Sherehe zilianza kurekodiwa kwenye mikanda ya video. Zikaja keki za kununua, kisha kumbi, washereheshaji, na ile desturi ya kummwagia maji mwenye siku yake.

Sisemi kwamba shida ilikuwa njema. Nimewaona kina mama wakilia kwenye foleni, na hakuna anayewatakia watoto wake maisha yale. Ninafurahi ninapoona wanawake wa leo wakioka keki majumbani kwa oveni za gesi, wakipokea oda kwa WhatsApp na kusomesha watoto kwa kazi ya mikono yao. Hao ndio warithi wa Bibi na koleo lake. Kilichofaa kubaki si uhaba, ni ule utaratibu wa sinia. Sherehe ya ukumbini yenye kila kitu inaweza kumalizika bila mtoto kujua ni nani aliyempokea duniani, ni nani aliyembeba mgongoni mama alipokuwa kazini, ni jirani yupi aliyemkimbiza hospitali usiku. Fedha imelipa kila kitu, na mtoto haoni mkono wa mtu.

Jambo hili linarekebishika, na halihitaji fedha. Mfanyie mtoto siku yake nyumbani, hata kwa mkate wa mayai na ndoo ya ukwaju. Waite majirani, hata wale ambao mmekuwa mkisalimiana getini tu. Mwache mtoto azungushe mwiko. Kabla ya keki kugawiwa, mpe sinia, umnong'oneze majina, na umwambie kila mmoja alitoa nini katika maisha yake. Atakosea majina mwaka wa kwanza; mwaka wa tatu atakuwa anayajua peke yake.

Na sisi tuliolelewa wakati ule tuna kazi ya kufanya mama zetu wangali hai. Tutoe zile picha kwenye albamu, tuwakalishe wazee wetu, tuwaulize nani amesimama wapi na alileta nini siku ile, kisha tuandike nyuma ya kila picha kwa kalamu ya wino. Historia ya miaka ya shida imeandikwa kwa bajeti, maazimio na hotuba. Sehemu yake kubwa inayowahusu wanawake waliopeana sukari kikombe kwa kikombe, ili mtoto wa mwenzao ahesabiwe kuwa mtu, bado haijaandikwa, na mashahidi wake wanapungua kila mwaka.